Siku ya Kuegemea

Haikuwa zamani, wala haikuwa kale. Ilikuwa juzijuzi tu, katika nchi moja nzuri isiyotajwa jina hapa, maana ni nchi ambayo ukiitaja inageuka kukutazama.

Nchi hiyo ilikuwa na misimu miwili ya mvua, bendi ishirini za tarumbeta na wizara arobaini na nne. Iliyokuwa kubwa kuliko zote ni Wizara ya Makazi na Shukrani. Kazi yake aliielewa hata mtoto: kuwajengea wananchi nyumba, na kupokea shukrani zao. Na kwa kuwa nyumba huchelewa, shukrani zilipokelewa kwanza.

Ndiyo maana siku tingatinga la Wizara lilipokuja kubomoa nyumba ya udongo ya akina Semeni, pale kitongoji cha Mabondeni, Semeni binti Mkude alikuwa amekwisha kushukuru mara tatu: kwa mdomo, kwa dole gumba, na kwa wimbo. Alisimama kando na bibi yake, Bibi Tunu, mama mzaa baba, ajuza ambaye mgongo ulikuwa umempinda hata akitembea utadhani anatafuta sindano iliyoanguka. Wakatazama jiko lao, kizingiti chao na ule ukuta ambao Semeni aliuchora kwa mkaa utotoni, vyote vikigeuka lundo.

"Humo ndimo nilimomzalia baba yako," Bibi Tunu akasema. "Haikuwahi kumwangukia mtu."

Afisa aliyekuja na tingatinga akageuza shingo. "Bibi, hiyo uliyosema ni shukrani?"

"Ni shukrani, baba."

"Ahaa." Akaandika.

Wakapewa hema. Jirani zao nao wakapewa mahema, wakaambiwa wangoje: nyumba kumi na saba za matofali zinakuja, zenye bati jekundu na namba mlangoni. Ya Semeni na bibi yake ilikuwa namba saba.

*

Iliyokwisha kwanza ilikuwa namba tatu, ya Mzee Ndimbo.

Katika nchi hiyo nyumba haikabidhiwi kwa ufunguo. Hukabidhiwa kwa kuegemea. Mwenye nyumba husimama mbele ya wageni, akaupa mgongo ukuta wa mbele, akaegemea kwa uzito wake wote huku bendi inapiga, mpaka mkubwa aliyekuja apige makofi. Maana yake ni: nimeamini. Asiyeegemea hapati nyumba, na asiye na nyumba katika nchi inayojenga nyumba ni mtu wa kutiliwa shaka.

Mzee Ndimbo aliegemea vizuri mno. Alipigwa picha, akacheka, jino lake moja likaonekana gazetini. Siku ya tatu yake, saa saba mchana, yeye na mkewe na mkwe wao wakiwa wamezunguka sinia la ugali, ukuta ukaingia ndani kula nao.

Kesho yake Wizara ilitangaza kwamba familia ya Mzee Ndimbo imehama. Kifusi kikasawazishwa, yakapandwa maua ya njano, na hesabu ikasahihishwa: baada ya namba mbili ikafuata namba nne. Watoto wa shule ya msingi Mabondeni walifundishwa upya wiki ile ile. Moja, mbili, nne, tano. Aliyeteleza alirudia mpaka akazoea.

Semeni aliyaangalia maua yale kila asubuhi akienda bombani. Yalistawi.

*

Shule Semeni aliishia darasa la saba. Baada ya hapo, kwa miaka sita, alikuwa saidia fundi wa baba yake, marehemu Mkude, muashi. Alibeba karai, alichekecha mchanga, alimwagilia matofali maji asubuhi na jioni yasije yakakauka kabla ya kukomaa. Zaidi ya yote alishika timazi, ule uzi wenye pande la chuma nchani unaoning'inizwa kando ya ukuta ili kujua kama umesimama wima. Marehemu alikuwa na neno lake. "Mwanangu," alikuwa akisema, "mtu atakudanganya, tofali litakudanganya, na jicho lako mwenyewe likichoka litakudanganya. Lakini uzi haumjui mkubwa."

Basi Semeni alikuwa akichota maji na kutazama. Hakuwa msemaji. Alikaa juu ya ndoo yake iliyofunikwa, kama mtu aliyechoka, na akahesabu. Alihesabu karai kumi na tano za mchanga kwa mfuko mmoja wa saruji, mara mbili ya kipimo cha baba yake. Aliona matofali yanakaushwa na jua kama dagaa, hayapati hata tone. Aliokota kipande, akakisugua kwa kidole, kikamomonyoka kama sukari guru.

Aliziona pia nondo. Nondo zilikuwa nne, nene, nzuri, zimepakwa mafuta. Zilisimamishwa kwenye pembe za namba nne, mpiga picha wa Wizara akapiga picha. Zikang'olewa, zikabebwa hadi namba tano, zikapigwa picha. Zikaendelea hivyo mtaa mzima kama maharusi wanaopita kuaga. Jioni zilifungwa kwa mnyororo ofisini. Nchi nzima hazikuwepo nyingine.

Siku ukuta wa mbele wa namba saba ulipofika kimo cha paa, mafundi wakiwa wamekwenda kula, Semeni alifungua fundo la khanga yake, akatoa timazi la baba yake. Akalining'iniza. Akangoja litulie. Kule chini uzi ulikuwa umeligusa tofali. Kule juu, kati ya uzi na ukuta, vidole vyake vitatu vilipita bila kuguswa. Ukuta ulikuwa umelala kwa ndani.

Fundi mmoja aliyemjua marehemu alimkuta pale. Hakumfukuza. Alitazama uzi, akatazama barabara, akasema kwa sauti ya chini, "Mdogo wangu, mimi napanga tofali ninaloletewa, kwenye kamba ninayowekewa. Kunja hicho kitu chako."

"Kaka, bibi hawezi kukimbia," Semeni akasema.

"Najua. Kunja."

*

Ofisi ya ujenzi ilikuwa kibanda cha mbao juu mpaka chini. Hakukuwa na tofali hata moja. Semeni aliliona hilo, hakulisema. Juu ya mlango paliandikwa: LALAMIKO NI SHUKRANI ILIYOPOTEA NJIA. Ndani kulikuwa na bango jingine lenye methali: USIPOUTAJA UFA, HUTAJENGA UKUTA. Semeni alifundishwa darasa la tatu kwamba inasema vingine, lakini labda ile ilikuwa ya kabla ya marekebisho.

Nyuma ya meza alikaa Bwana Deusdediti Makombe, mnene, mwenye mikono mikubwa ya mtu aliyewahi kufanya kazi. Ukutani nyuma yake misumari mitatu ilishika kofia tatu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Unamtaka nani? Fundi Mkuu, Mkaguzi Mkuu, au Mwenyekiti wa Malalamiko?"

Semeni akatazama huku na huku. Chumbani palikuwa na mtu mmoja. "Nina neno kuhusu ukuta wa namba saba."

"Basi ni Mwenyekiti." Bwana Makombe akavaa kofia ya kijani, na sauti yake ikalainika kama uji. "Karibu mwanangu, sema usiogope. Hapa ni kwenu."

"Ukuta umelala, mzee. Vidole vitatu. Nimeupima kwa timazi."

"Lo! Pole sana. Hili jambo zito, lazima tumsikie Fundi." Akavua ya kijani, akavaa ya njano, uso ukajikunja. "Nani huyo anayeusema ukuta wangu? Ukuta wangu umenyooka!" Akavua ya njano, akavaa nyeupe, akakohoa. "Mimi Mkaguzi nimeukagua ukuta huo kwa uhuru kamili, bila kushawishiwa na Fundi, nikaukuta umenyooka." Akarudi kwenye ya kijani, akatikisa kichwa kwa huruma. "Umesikia mwenyewe, mwanangu. Wataalamu wawili dhidi ya uzi mmoja."

"Na saruji, mzee? Karai kumi na tano..."

"Binti." Kofia ilikuwa ile ile ya kijani, lakini sauti haikuwa ile. "Unaishi na nani?"

"Na bibi yangu."

"Anajiweza?"

"Anatembea pole pole."

"Eee." Akaandika na hilo. Semeni akatamani alirudishe neno lile kinywani. "Na hilo timazi, liko wapi?"

"Ni la marehemu baba, mzee."

"Sikuuliza la nani."

Likawekwa mezani. Bwana Makombe akalibandika karatasi: *Chombo binafsi kilichotumika kuipima Serikali*. Akalitia kwenye droo. Kabla hajaifunga, kidole chake gumba kiliupitia ule uzi, taratibu, kama mtu anayegusa shavu la mtoto aliyeachana naye zamani. Kisha akafunga.

"Kesho utapimwa," akasema.

*

Aliyekuja kupima alikuwa Afisa Upimaji wa Raia, Bwana Hamdani, kijana nadhifu mwenye viatu vilivyoyakataa matope. Kitongoji kizima kiliitwa kushuhudia.

"Simama. Upe ukuta mgongo. Visigino viguse. Vimegusa?"

"Vimegusa."

"Kisogo?"

"Hakijagusa, afisa. Ukuta umekwenda ndani."

"Jibu ulichoulizwa." Bwana Hamdani akachungulia kwa ubavu. Kati ya kisogo cha Semeni na ukuta mwanga ulikuwa unapita. Akatia vidole, akahesabu, akawageukia watu. "Ndugu wananchi, hili limejieleza lenyewe. Kati ya hawa wawili, mmoja amepinda. Ukuta una hati ya kunyooka, imetiwa sahihi na Fundi Mkuu. Wewe dada, unayo hati ya kunyooka?"

"Sina."

"Basi."

Kidawa, jirani wa namba nane, mama wa watoto wanne na muuza vitumbua, hakuweza kujizuia. "Afisa, na mbuzi wangu mpime! Nyasi anazila kwa kuinama, huyo si mzalendo!"

Watu walicheka kidogo, wakaacha. Bwana Hamdani alikuwa anaandika jina la mbuzi.

Semeni akapewa Hati ya Kupinda, ngumu kama jalada la daftari, yenye mhuri. Alisomewa masharti. Aliyepinda atatembea ukingoni mwa barabara. Aliyepinda atabaki hemani mpaka ukuta uthibitishe amenyooka. Aliyepinda haruhusiwi kuegemea, wala kuusogelea ukuta wowote wa Serikali chini ya hatua kumi, asije akauambukiza.

"Umeelewa?"

Semeni alikuwa anautazama ule ukuta, kisha miguu yake, kisha ukuta. "Hatua kumi," akasema.

"Kumi kamili."

"Na bibi yangu mpimeni, afisa," akasema taratibu, kama anayeazima chumvi.

Bibi Tunu alipimwa. Kati ya kisogo chake na ukuta angeweza kupita mbuzi wa Kidawa. Bwana Hamdani alifurahi kweli kweli. Kumbe mwezi ule alikuwa amepangiwa kupata waliopinda watano, na alikuwa na wawili kwa asubuhi moja.

*

Jioni hemani, Bibi Tunu aliigeuzageuza hati yake. Nyuma palikuwa na picha ya Bwana Makombe anacheka, na chini yake maneno makubwa aliyowahi kuyatamka mkutanoni, watu wakashangilia, ikaamriwa yachapwe kwenye kila hati.

"Hapa nyuma pameandikwa nini, mke mwenzangu?" Hivyo ndivyo alivyomwita mjukuu wake tangu azaliwe.

Semeni akasoma, kidole chini ya mstari: "*Mimi Fundi Mkuu naahidi mbele ya Taifa: akikosekana mwananchi aliyenyooka, nitaegemea mwenyewe.*"

Bibi Tunu akaichukua hati, akaikunja. "Unajua, enzi zetu hakuwa mwenye nyumba."

"Nini, bibi?"

"Aliyeegemea. Enzi zetu fundi ndiye aliyekuwa anaegemea. Akimaliza nyumba, anaegemea yeye na wanawe, mwenye nyumba anakaa kwenye mkeka anatazama. Ndiyo maana nyumba zilisimama. Sijui lini walituzungusha."

Asubuhi, bombani, Kidawa alikuwa hana utani. Macho yalimvimba.

"Shoga, umesikia? Namba saba wameandika jina langu. Eti kwa kuwa nyie mmepinda, nitaegemea mimi, yangu na yenu. Waziri mwenyewe anakuja. Wanangu wanne, Semeni."

Semeni alifunga bomba kwanza, watu wa mbele wasiseme anamwaga. "Wenye hati wanatakiwa wakae mbali na ukuta," akasema. "Hatua kumi."

"Ndiyo, aibu ile..."

"Dada Kidawa. Hatua kumi."

Kidawa akamtazama. Ndoo yake ilikuwa imejaa, lakini hakuinyanyua.

"Naenda kulalamika vipi? Nikianza vibaya?"

"Sema ukuta umelala. Watakupima wenyewe."

Siku ile ile Kidawa alikwenda kwenye kibanda cha mbao. Kesho yake wakaenda watatu. Kesho kutwa foleni ilipinda mpaka kwenye maua ya njano. Hakuna aliyepiga kelele. Kila mtu alisema ukuta umelala, akasimamishwa, akaangaliwa mwanga, akapewa hati, akaikunja, akashukuru. Bwana Hamdani alichapisha nyingine, zikaisha, akachapisha tena. Wizara ikampongeza kwenye redio: hakuna afisa aliyewahi kugundua waliopinda wengi namna ile. Bwana Makombe alitia sahihi mpaka kiganja kikamshika ganzi, na kila alipotia sahihi alikuwa anasema upya kwamba ukuta umenyooka.

Wiki hiyo mvua za kwanza zilinyesha. Mijusi ilihama kwenye ukuta wa namba saba, yote, mchana kweupe, ikakimbilia kwenye mahema. Semeni alifunga jiwe kwenye uzi wa kushonea, akasimama hatua kumi, akafumba jicho moja, akalining'iniza mbele ya uso wake.

Vidole vinne.

*

Siku ya Kuegemea ilifika na jua la kupumbaza. Turubai la wageni lilisimamishwa mbali kidogo, chini yake viti vya kitambaa chekundu. Bendi ilikuja, na waandishi, na askari wanane. Waziri wa Makazi na Shukrani alishuka kwenye gari akiwa ameshaanza kutabasamu tangu ndani.

"Ndugu zangu!" akahutubia. "Kuna nchi ambazo nyumba hujengwa kwa saruji. Sisi tunajenga kwa imani! Saruji huisha dukani, imani haiishi! Mwenye namba saba na apite mbele, aegemee, Taifa limwone!"

Tarumbeta zikalia. Hakupita mtu.

Semeni akasogea mpaka hatua kumi, akasimama, akainua hati. "Mimi nimepinda, Mheshimiwa."

"Basi jirani."

Kidawa akainua ya kwake. "Nimepinda, Mheshimiwa. Hata mbuzi wangu."

"Mwingine!"

Zikainuka, moja baada ya nyingine, mpaka uwanja mzima ukawa karatasi tupu, na chini ya kila karatasi mtu amesimama wima kama mnazi. Tabasamu la Waziri lilibaki usoni, lakini lilikuwa peke yake, macho yalishaondoka.

"Makombe," akasema bila kufungua meno. "Kamera zinaona."

Bwana Makombe alikuwa amevaa kofia ya njano. Akatazama watu, akatazama tena, akamwona Bibi Tunu kwenye kigoda. "Yule, Mheshimiwa! Yule ni uzee tu, si kupinda. Askari, msaidieni bibi aegemee."

Askari wawili wakamshika Bibi Tunu kwapani. Miguu yake haikugusa chini. Wakaanza kwenda naye ukutani.

Semeni hakukimbia wala hakulia. Alikuwa amezoea kuhesabu, akahesabu kwa sauti. "Ishirini na moja. Ishirini. Kumi na tisa. Mheshimiwa Waziri, bibi yangu ana hati. Ina mhuri wako. Kumi na saba. Akifika ya kumi anauambukiza ukuta, ndivyo ulivyoandika. Kumi na tano. Ukuta ukipinda leo mbele ya kamera, utakuwa umepindishwa na askari wako. Kumi na tatu."

Bendi ilinyamaza bila kuambiwa. Bibi Tunu, juu juu hewani, alikuwa ameyafumba macho.

"Kumi na mbili. Kumi na moja."

"Simama!" Waziri akasema.

Wakamtua. Semeni akaenda kumchukua, akarudi naye kinyumenyume mpaka kwenye kigoda.

Waziri akamgeukia Bwana Hamdani. Bwana Hamdani alikuwa amekwisha kuchutama nyuma ya kiti, anajiandikia hati. Akainuka nayo wino haujakauka. "Nimejipima, Mheshimiwa. Nimesikitika sana."

"Labda Mheshimiwa mwenyewe..." mwandishi mmoja mgeni wa mambo akaanza.

"Waziri haegemei," askari akamkata. "Waziri huegemewa."

Hapo Semeni akaigeuza hati yake, akaweka kidole chini ya mstari, akasoma kwa ile sauti ya kusomea darasani: "*Mimi Fundi Mkuu naahidi mbele ya Taifa: akikosekana mwananchi aliyenyooka, nitaegemea mwenyewe.*"

Kidawa akaanza wimbo wa shukrani. Kitongoji kizima kikaupokea. Ulikuwa wimbo wao waliofundishwa na Wizara, hakuna aliyeweza kuwanyamazisha. Bendi ikasikia wimbo wake, ikaingia.

"Nipime!" Bwana Makombe akamwambia Hamdani. "Nipime haraka!"

"Fundi aliyepinda," Waziri akasema taratibu, "amejengaje kuta kumi na sita zilizonyooka?"

Bwana Makombe akaiweka kofia sawa. Akaanza kwenda ukutani. Alipompita Semeni alisimama, akainua macho, na kwa mara ya kwanza Semeni akamwona anatazama ukuta kama muashi: kutoka juu, polepole, mpaka chini, jicho moja limefumba. Alikuwa fundi kweli, mahali fulani, siku za nyuma.

"Binti," akanong'ona. "Ni vitatu?"

"Vinne, mzee. Mvua imenyesha."

Akautazama ukuta tena, kutoka chini mpaka juu.

"Sema tu, mzee," Semeni akamwambia. "Sema umelala. Ni neno moja."

Alimtazama Semeni. Akatazama turubai, na kamera, na Waziri aliyekwisha kuinua viganja tayari. Wimbo ulikuwa umefika kwenye kiitikio. Bwana Makombe akavua kofia ya njano, akaishika kifuani, akageuka, akaupa ukuta mgongo.

"Ukuta umenyooka!" akapaza sauti. Akaegemea.

Ukuta haukufanya haraka. Ulitoa mlio mdogo, kama mzee anayekaa kitini, kisha ukaenda ndani, naye akaenda nao. Kisha bati jekundu likashuka juu yake likafunga. Waziri alikuwa ameshaanza kupiga makofi, na Waziri akianza hakuna anayeacha. Watu wakapiga makofi. Vumbi likaja likatua juu ya makofi yale, juu ya tarumbeta, juu ya kofia ya njano iliyokuwa inabingirika yenyewe mpaka ikasimama kwenye hatua ya kumi.

*

Redio ilisema Bwana Deusdediti Makombe amehama.

Pale namba saba pakasawazishwa, yakapandwa maua ya njano. Watoto wakafundishwa: moja, mbili, nne, tano, sita, nane. Ofisini, kwenye kile kibanda cha mbao, Bwana Hamdani alikaa nyuma ya meza, kofia tatu nyuma yake. Tume iliundwa, ikachunguza kwa siku mbili, ikaona tatizo: nchi ilikuwa na wananchi wengi mno waliopinda.

Ijumaa waraka ukagawiwa kwenye mahema. Semeni aliusoma akiwa amekaa juu ya ndoo yake, mara ya kwanza kimya, mara ya pili kimya. Nje Kidawa alikuwa anapita hema kwa hema anaomba uzi, uzi wowote, na watoto wake wanne walikuwa wanaokota mawe. Nyuma ya waraka, pale palipokuwa na picha na ahadi, safari hii palikuwa peupe.

Bibi Tunu alikuwa ameinama juu ya jiko la mkaa, mgongo umemkunja mpaka kidevu kinakaribia magoti.

"Wanasemaje, mke mwenzangu?"

"Wanasema hati zote zimefutwa, bibi. Kuegemea ni Jumatano, nyumba zote kwa pamoja. Na wanasema sote tumenyooka."

Bibi Tunu akajaribu kuinua kichwa amtazame, kikafika kilipofika.

"Hata mimi?"

"Hata wewe, bibi. Kuanzia Jumatatu."